Maneno ya Nyumbani Mbele ya Mgeni

Kaka yangu Mahfoudh ni mtu wa kawaida kabisa. Ukimwona Ijumaa anatoka msikitini pale Mabela, mtaani kwetu Maskati, kanzu imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe, kilemba kimeinama upande kidogo kwa madaha, utasema huyu ni mzee wa heshima zake asiye na neno na mtu. Nami ningekubali. Mimi ni Mahbuba, dada yake mdogo, na tangu mkewe alipofariki anakaa na sisi, mimi na mama. Nasema mapema kwamba nampenda, kwa sababu mengi ninayotaka kuyasimulia si ya kupendeza, na mimi sijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sisi ni watu wa Pemba. Mama yetu, Bi Kheiria, alizaliwa Wete, akaja Maskati akiwa msichana mambo ya kule yalipoharibika. Shuleni tulisoma Kiarabu, kazini tunafanya kazi kwa Kiarabu na Kiingereza, lakini mlango wa nyumba ukifungwa ni Kiswahili tu. Tena hata ukiwa wazi. Maana watu wetu wana tabia moja, na asiyeikubali ni mwongo: tukiwa mbele ya wageni na tuna neno la siri, hatusubiri kutoka nje. Tunalisema pale pale kwa Kiswahili, huku tunatabasamu. Dukani Ruwi mume atamwambia mkewe, "Huyu anatuibia, jitie unaondoka," na mwenye duka amesimama mbele yao anakunja kitambaa. Hospitalini tutamteta daktari naye anatupima presha. Kiswahili kwetu ni kama chumba cha ndani ambacho tunatembea nacho.

Mahfoudh alikuwa bingwa wa mchezo huo. Mtu aingie ofisini kwake na tai mbaya, kabla hajakaa ameshapewa jina la utani, na wenzake wa kwetu wanajikaza kisabuni wasicheke.

Ofisi yenyewe ni ya serikali, ile inayopokea wawekezaji kutoka nje. Jina lake haliwafai kitu. Yeye si mkubwa wala si mdogo, ni yule anayekaa kiti cha pili au cha tatu kutoka kwa mudir, anayejua faili liko wapi na mgeni anywe kahawa au chai. Mudir wake, mkuu wa ofisi, anaitwa Hamood, mtu wa bara ya ndani, mpole, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Na pembeni ya Mahfoudh alikuwa anakaa Khulood.

Khulood ni binti wa Yaqoob, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Yaqoob na kaka yangu ni marafiki tangu wanacheza mpira pekupeku. Binti alipata nafasi ya kusoma uhandisi China, akarudi na shahada nzuri na Kichina kinachomtoka kama maji, na Mahfoudh ndiye aliyemwingiza kazini. Alikuwa akijisifu naye kuliko alivyojisifu na watoto wake mwenyewe. "Huyu nimemlea mimi," akisema, na Khulood akimwita Ami na kumbebea mkoba.

Sasa likaja jambo la Wachina. Kampuni moja kutoka kule ilitaka kujenga kiwanda Rusayl, kwenye eneo la viwanda, cha kuunganisha mitambo ya kukagua makontena, ile inayomulika kontena na kuona kilichomo bila kulifungua. Vijana wetu wengi wangepata kazi, na vijana wasio na kazi kila nyumba inao. Lakini kampuni ilitaka pia mitambo yake ifungwe bandarini. Hapo Wamarekani wakanong'ona: mitambo hiyo ikikaa kwenye lango la bandari, itaona na mizigo ya meli zetu, na kinachoonwa pale kitafika kwa wasiotutakia mema, basi urafiki wetu na nyinyi utapungua. Nchi yetu haitaki kugombana na mtu. Hawa tunafanya nao biashara, hawa wanatusaidia kulinda bahari, na wote wawili tunawatilia kahawa kutoka birika moja.

Wakubwa wakakaa wakakata shauri. Kampuni ipewe Rusayl yote, maghala na kiwanda, lakini bandari ikataliwe. Ila, na hii ndiyo ilikuwa siri yenyewe, wakitishia kukihamisha kiwanda nchi nyingine, basi wapewe na lango la bandari, na Wamarekani watabembelezwa baadaye. Siri hiyo alikuwa nayo mudir Hamood, naye aliwaambia wawili tu, Mahfoudh na Khulood, kwa kuwa ndio watakaokaa naye mezani.

Kiongozi wa wageni alikuwa Bwana Shen, mtu mwembamba mwenye miwani, anayesema kwa upole kupitia mkalimani wake wa Kiarabu. Kikao cha kwanza walizunguka zunguka. Bwana Shen akaomba bandari, mudir akasema kwa adabu kwamba bandari haiwezekani. Wageni wakainamiana, wakaonekana wamekata tamaa. Khulood akawa na wasiwasi usoni, kwa sababu kiwanda alikitaka sana.

Ndipo Mahfoudh akamwinamia, na mkono ameuweka kwenye birika kama anayemuuliza atamwongeza kahawa, akamwambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Usihofu, mwanangu, mpango si unaujua. Huyu kijiti cha miswaki akikaza kidogo tu, tukiona anataka kuondoka na kiwanda chake, na bandari tunampa. Wakubwa wamesharidhia. Mmarekani tutamtuliza mbele ya safari."

Khulood aliinamisha macho akavuta kikombe chake. Bwana Shen alikuwa ng'ambo ya meza, anafuta miwani yake kwa ncha ya tai.

Kikao cha pili yule mtu mpole aliingia kama jiwe. Hakuzunguka popote. Alisema bila lango la bandari kiwanda kinakwenda nchi nyingine, na ndege yake ni kesho. Hakutoa macho wala kupandisha sauti, na hakumtazama mudir kwa shaka hata kidogo. Alikuwa mtu anayejua mwisho wa mwenzake uko wapi. Hamood akajaribu kumpunguza, akashindwa, akampa.

Wamarekani walipopata habari walikasirika. Mambo fulani ya mafunzo na vifaa yakasimamishwa, na Hamood akaitwa juu akarudi uso umemshuka. Kila mtu aliona wazi kwamba mgeni aliambiwa. Swali likawa nani kamwambia.

Hapa mkono hauhitaji kuonyeshwa njia, kidole kinakwenda chenyewe. Nani kasoma China? Nani anajua Kichina? Nani kwenye simu yake kuna wanafunzi wenziwe wa kule, wanatumiana picha za vyakula na kutakiana heri? Khulood akaambiwa apumzike nyumbani wakati mambo yanaangaliwa, na simu yake ikachukuliwa. Hawakumwita mwizi, na hawakumwambia kosa lake. Huku kwetu mtu huambiwa apumzike, na mtaa mzima unamalizia wenyewe. Kulikuwa na posa inakuja kutoka ukoo mmoja wa Sib, nayo ikanyamaza.

Na Mahfoudh? Mahfoudh aliulizwa pia. Watu wawili wenye adabu walimkalisha wakamuuliza anavyomfahamu binti huyu. Naye, kaka yangu aliyemlea, akasema ni mtoto mzuri, wa nyumba nzuri, lakini kweli ana marafiki wengi China na anapenda sana kusifu ya kule. Alisema hivyo kwa sababu aliamini. Sikilizeni jambo hilo vizuri: hakuwa anajificha. Aliamini kabisa kwamba Khulood ndiye aliyesema, maana hakukuwa na mwingine. Akarudi nyumbani siku hiyo akakaa ukumbini, akaniambia, "Mahbuba, watoto hawa ukiwasomesha mbali wanarudi na moyo wa kule." Nami nikaitikia. Wallahi niliitikia, na mpaka leo naona haya.

Wageni walipokuwa wanajitayarisha kurudi kwao, Hamood akaona si vizuri waondoke na uchungu wa kubishana, biashara bado ndefu. Akamwomba Mahfoudh amwalike Bwana Shen nyumbani kwa chakula cha Ijumaa. Mahfoudh anapenda mambo hayo. Nikapika tangu alfajiri pamoja na Atuhaire, binti wa Uganda anayetusaidia kazi: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, kachumbari, na halwa ikatoka kwa yule fundi wetu wa siku zote.

Bwana Shen alikuja peke yake, mkalimani alikuwa na homa. Wakakaa wanazungumza Kiingereza. Mama, ambaye kwa umri wake anakaa na mgeni yeyote anayemtaka, akaletwa na mkongojo wake akaketishwa kwenye kochi la pembeni. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Mama akamtazama mgeni kwa muda, kisha akasema kwa sauti yake ile ya mtu asiyesikia vizuri:

"Mahfoudh, huyu mgeni wako mbona mwembamba hivi? Kwao hawali?"

Bwana Shen akageuka. Akaweka kikombe chini, akainama mbele ya mama, mikono miwili kifuani.

"Shikamoo, Bibi. Kwetu twala, ila mchuzi wa nazi kama huu unaonukia sijaupata tangu nlipotoka Wete."

Mama akapiga makofi ya furaha, nami nusura sinia linitoke. "Marahaba, marahaba! Wete ipi, ya Pemba? Ewe mwana, umefika Wete?"

Alifika. Alikaa Pemba miaka, akijenga barabara, ujana wake wote aliumaliza kule na wafanyakazi wa kule, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto ule ule wa mama, wa Kipemba, si cha kitabuni. Wakaanza: mtaa fulani upo? Upo, Bibi. Na ule msikiti wa mteremkoni? Umetiwa rangi. Mama analia anacheka. Mimi nacheka. Atuhaire katoka jikoni kuja kuangalia maajabu, Mchina anasema Kiswahili kuliko yeye.

Nikatua sinia, wakaanza kula, nikamtazama Mahfoudh tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika tonge mkononi, halijafika mdomoni wala halirudi sahanini, na rangi imemtoka usoni. Nilidhani kakabwa na mwiba. Nikamletea maji, hakuyapokea.

Alipomsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, Bwana Shen alimshika mkono. Haya aliniambia Mahfoudh baadaye. Mgeni alimwambia kwa Kiswahili, polepole, bila kejeli: "Bwana Mahfoudh, mimi ni mtu wa kampuni. Nikisikia, nimesikia. Lakini jina lile la kijiti cha miswaki nimelipenda, nitawaambia watoto wangu." Akapanda gari akaondoka.

Siku chache baadaye mwezi wa Ramadhani ukaandama, na hapo ndipo nilipoanza kuona kuna kitu. Kwetu Mabela Ramadhani sahani hazikai nyumbani, zinatoka na kurudi. Kutoka kwa Yaqoob mwaka huu zilikuja sambusa kila siku, nyembamba, za mkono mzuri, zimefunikwa kitambaa. Nikamuuliza mama Khulood nani kampikia, akasema, "Ni Khulood. Si yuko nyumbani, afanye nini?" Akasema na kucheka, kicheko cha kufunika jambo.

Mahfoudh hakuzigusa. Mtu anayependa sambusa mpaka anapigana na wajukuu, alifungua kwa tende na maji, akasukuma sahani kwangu. Siku ya kwanza nikasema tumbo. Lakini zikapita siku nyingine, na kila sahani ile ikiingia anainuka, mara kutawadha, mara kutafuta miwani. Kisha anatoka kwenda tarawehe, na huko msikitini Yaqoob amemwekea nafasi pembeni yake kama miaka yote, wanasimama bega kwa bega.

Magharibi moja nikamfuata kwenye bomba la uani. Nikamwambia, "Kaka, chakula cha watu kina nini? Umemkosea nini Yaqoob?"

Akaniambia yote. Birika, maneno aliyonong'ona, kikao cha pili, aliyoyasema juu ya Khulood alipoulizwa, na mgeni kwenye gari. Alisema maji bado yanamwagika mikononi mwake, hakuyafunga.

Nikamwambia, "Basi wende kesho kwa mudir ukaseme."

"Nitasema nini, Mahbuba? Nimebakiza kidogo nistaafu. Niseme siri ya nchi niliitoa mimi, kwa kutaka kumchekesha mtoto?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo."

"Na watasemaje? Watasema hawa Wazinjibari waliotoka visiwani ndio walivyo, hawawezi kufunga mdomo, hawajui hata wako upande gani. Wangapi wetu wako kwenye ofisi nyeti? Nitawaharibia wote."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilinikasirisha. Alikuwa amepata ukoo mzima wa kujificha nyuma yake. Nikamwambia Khulood naye ni Mzinjibari, yeye hakuharibiwa? Akaniangalia kama mtu aliyepigwa. Akasema, "Ramadhani ipite. Baada ya Idi nitasema. Naapa."

Basi Ramadhani ikapita na sambusa zikaja mpaka siku ya mwisho. Nilizila mimi. Zilikuwa tamu.

Idi mosi, baada ya wanaume kurudi kuswali, Khulood akaja kumpa mama mkono wa Idi kama anavyofanya tangu mdogo. Alivaa nguo mpya ya kijani, kabeba bakuli la visheti. Amekonda. Akambusu mama kichwani, akampa Mahfoudh mkono, "Idi mubarak, Ami," akakaa karibu na miguu ya mama.

Nilikuwa nimeogopa mambo mengi siku hiyo, lakini nilikuwa nimemsahau mama. Mama hakujua lolote. Kwake yeye, mwaka mzima ulikuwa na jambo moja zuri.

"Khulood, mwanangu, yule Mchina wenu alikuja hapa. Weye hukuniambia!"

"Mchina gani, Bibi?"

"Mama, kahawa yako inapoa," nikasema.

"Niache na kahawa. Yule mwembamba, mkubwa wao. Asema Kiswahili kama kazaliwa Wete! Kanambia shikamoo, kanambia twala ila mchuzi wa nazi hatuna. Nlicheka mie, mpaka nkalia."

Khulood alibaki na kisheti mkononi. Nilimwona akiirudisha ile siku kichwani mwake, kikao, birika, na maneno. Haikuchukua muda, ni mtoto mwenye akili. Akamgeukia Mahfoudh taratibu.

"Ami. Umejua tangu lini?"

Angeweza kusema uongo. Naamini alitaka.

"Tangu kabla ya Ramadhani," akasema.

Khulood akaitikia kwa kichwa, si kwa hasira, ni kama mtu aliyeelezwa njia. "Waliponiuliza mle ndani nani alisema nini," akasema, "nilitaja kila mtu, mpaka mkalimani. Wewe sikukutaja. Niliona yale ni maneno ya nyumbani tu, hayamhusu mtu. Sikutaka wakuone mtu wa mzaha."

Mahfoudh akafunika uso kwa mikono yake. Mama akauliza kuna nini. Khulood akainuka, akatandaza kitambaa juu ya bakuli kwa uangalifu, akambusu mama tena.

Mlangoni akasema, "Baba hatosikia kwangu, Ami. Atasikia kwako."

Siku ya pili ya Idi Mahfoudh alikwenda nyumbani kwa Hamood, njia ya Bustan. Nilikwenda naye kwenye gari, nilikuwa simwamini tena. Nikakaa na wanawake wa nyumba ile nikila halwa bila kuionja. Alipotoka alikuwa ametulia kwa namna isiyonipendeza. Njiani akanieleza. Hamood alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mkataba umeshatiwa saini, Wamarekani wameanza kupoa, faili limefungwa. Akilifungua sasa itabidi aseme kwamba afisa wake mwandamizi alitangaza siri mezani, na Wamarekani watauliza ni mara ngapi, na Wachina watauliza nani kamsema Shen. "Nchi inataka utulivu, Mahfoudh," alimwambia. "Nenda ukapumzike na Idi yako."

"Na Khulood?" nikauliza.

"Nilimuuliza. Akasema watamwita, polepole, baada ya muda, wampe kazi nyingine. Nikamwambia hiyo haitoshi. Akanisindikiza mlangoni."

Nilitaka kumtukana Hamood, lakini niliona kuna mtu yuko karibu zaidi wa kutukanwa, naye alikuwa anaendesha.

Hakupinda kuingia kwetu. Alisimamisha gari mbele ya kwa Yaqoob. Sebule ya wanaume ilikuwa imejaa, viatu mpaka nje, majirani, shemeji, imamu wa msikiti. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilisimama kwa wanawake upande wa pili, karibu na Khulood na mama yake. Yaqoob akainuka kumpokea, akamwambia kwa Kiswahili, "Yakhe, umechelewa, tulishadhani umetususa!" Watu wakacheka.

Mahfoudh hakukaa. Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, hata wale wasiojua neno la Kiswahili. Alisema kuna maneno yalitoka kazini yasiyotakiwa kutoka, na watu wamemdhania Khulood binti Yaqoob. Alisema, "Khulood hakusema kitu. Aliyesema ni mimi. Na nilipoulizwa juu yake, nilimtia shaka kwa ulimi wangu. Na nilipoujua ukweli, nilinyamaza Ramadhani nzima, nikaswali pembeni ya baba yake."

Mama Khulood alinishika mkono kwa nguvu, sijui kwa kuniliwaza au kunisukuma. Khulood alikuwa anatazama sakafu, machozi yanamdondoka kwenye nguo yake ya kijani.

Yaqoob alisimama na birika mkononi. Nilidhani atalitupa. Lakini yeye ni mtu wa heshima kuliko wote ninaowajua. Alichukua kikombe, akakijaza kama kinavyojazwa kwa mgeni, akampa Mahfoudh kwa mkono wa kulia. Akamwambia, kwa Kiarabu, "Tafadhal, ukae." Mahfoudh akakaa, akanywa.

Baada ya Idi, Khulood aliitwa kazini. Simu yake alirudishiwa. Wamemweka kitengo kingine, cha vibali vya majengo, ambako hakuna Mchina wala Mmarekani, na hakuna aliyemwomba radhi. Anasema ni kazi tu. Ile posa ya Sib haikurudi. Mahfoudh aliomba kustaafu mapema, wakamkubalia upesi mno. Kiwanda cha Rusayl kinajengwa, nimepita juzi nikaona nguzo.

Yaqoob hakumkata. Msikitini bado anamwekea nafasi. Wakikutana barabarani anamuuliza hali, na mama, na afya, kila kitu kwa taratibu yake. Lakini anamuuliza kwa Kiarabu, kile cha adabu nyingi, tunachomsemesha mtu tusiyemjua. Mahfoudh mwanzoni alimjibu kwa Kiswahili, mara mbili tatu, na Yaqoob akaendelea na Kiarabu chake kana kwamba hakusikia. Siku hizi naye anajibu kwa Kiarabu. Wanasimama pale mlangoni mwa msikiti, watoto wawili wa mtaa mmoja, wazee sasa, wanaulizana hali kama wageni, kisha kila mmoja anarudi kwake.